Picha ya Vipimo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sindano alifagia kibanda cha mama yake, fundi cherehani, na kuokota vipande vya uzi. Wenzake walimpa jina hilo kwa wembamba wake na kwa kazi ya mama yake, naye alilipenda.

Siku hiyo aliondoka na simu ya mama. Mwalimu wa sayansi alitaka kila dawati liwe na simu moja ya kupigia picha sehemu za ua.

"Kazi ikiisha, izime," mama alimwambia. "Na usichokonoe mambo yangu humo."

Darasani, kazi iliisha mapema. Mwalimu alikuwa nyuma akiwasaidia wengine. Kasuku, msichana aliyekaa dawati moja na Sindano, akanong'ona, "Hebu tujipige na sisi." Wakabinua midomo, wakatoa macho, wakajipiga picha hadi simu ikaandika kuwa nafasi imejaa.

"Futa kitu," alisema Kasuku.

Sindano aliona picha ya karatasi iliyojaa tarakimu: 38, 30, 42, 15 na nusu. Hapakuwa na neno hata moja.

"Hesabu za nani hizi?"

"Za mtu aliyekosa zote! Futa, shoga, usimwaibishe."

Wakacheka. Sindano akaifuta, kisha akaiondoa hata kwenye kapu la taka la simu ili nafasi ipatikane.

Alasiri alimkuta mama ametandaza mezani kitambaa cha zambarau. Kilikuwa cha gauni la muuguzi wa zahanati ya jirani, ambaye binti yake angeolewa keshokutwa. Muuguzi alikuwa ameachiwa kitambaa hicho na marehemu mama yake. Kingine kama hicho hakikuwepo.

"Lete simu, mwanangu. Vipimo vyake nimevipiga picha. Karatasi yenyewe ililowa chai."

Sindano akakumbuka. Tarakimu zile!

Mama alizipitia picha kwa kidole, akarudi mwanzo, akazipitia tena. "Ajabu. Jana ilikuwepo. Au ndiyo uzee wa simu?"

"Labda," alisema Sindano.

Mama alimpigia muuguzi mara tatu. "Hapokei, yuko zamu, na sipendi kumsumbua mbele ya wagonjwa. Nami nikingoja kesho sitamaliza." Akashusha pumzi. "Basi, mwili wake naujua. Nitakadiria."

Alichora mstari kwa chaki, akaufuta, akachora mwingine. Kisha akashika mkasi.

Sindano aliutazama mkasi. Akinyamaza, lawama zingekuwa za simu. Lakini gauni likibana je? Mkasi ukafunguka ukingoni mwa kitambaa.

"Mama, usikate! Ni mimi niliyeifuta!"

Mkasi ulisimama. Sindano akaeleza yote: mzaha, picha za midomo, na lile "labda". Mama hakufoka. Alikunja kitambaa, akachukua tepe ya kupimia.

"Vaa viatu. Utamweleza mwenyewe."

Muuguzi aliwasikiliza mlangoni mwa zahanati, jicho moja likiwa kwenye foleni ya wagonjwa.

"Kitambaa kiko salama?" aliuliza kwanza.

"Kizima, dada," mama alijibu.

"Alhamdulillahi." Akamtazama Sindano. "Kumbe mwili wangu ndio hesabu zilizokosewa zote? Haya, nipimeni upesi."

Mama alipima, Sindano akaandika kwenye daftari lake.

"Andika na majina," mama alisema. "Kifua, kiuno, nyonga. Mimi nami nilikosea kuandika tarakimu tupu."

Waliporudi kibandani, mama alichora upya na kukata. Sindano alipokea vipande kimoja kimoja hadi cha mwisho kilipotoka. Ndipo mama akaweka mkasi chini.

"Ulifuta usichokijua, katika simu isiyo yako, saa ya masomo. Kesho utamwambia mwalimu wako, naye ataamua. Lakini kilichotaka kutuangamiza ni ile 'labda'. Picha ilikuwa imeshapotea, kitambaa bado. Kosa lisemwe mapema, mwanangu, wakati bado kuna kitu cha kuokoa."