Kipini cha Pijo ya Mzee Hamidi

Wanafunzi, kila neno hapa ni la kweli tupu. Atakayekamata uongo hata mmoja, mimi Babu Ulimboka nitamlisha zabibu za Makutupora mpaka aseme basi.

Vipuri vya mtumba vilipoanza kuingia nchini kwa wingi, Joha alikuwa darasa la sita. Kila Jumamosi, akishafagia uwanja wa kwao, alikwenda kwenye gereji ya mjomba wake, fundi Thobias, pale Makole. Siku hiyo waliletewa Pijo kuukuu ya Mzee Hamidi. Usukani ulilegea hivi kwamba ukiielekeza Kibaigwa, inakufikisha Makutupora.

Wakabadilisha tairodi, zile fimbo zinazounganisha usukani na magurudumu. Thobias alikaza nati, Joha akachomeka vipini vya kuzizuia zisifunguke.

"Ukinifanyia mchezo kwenye usukani, huji tena hapa," Thobias alimwonya.

Pale gereji vyuma vya zamani huoshwa na kurudishiwa mwenye gari, aone kweli kabadilishiwa. Joha alikuwa akiviosha kwa mafuta ya taa. Gari lilikwisha kuwashwa, Mzee Hamidi na wajukuu wake wamo ndani, nami nimeomba lifti ya Kibaigwa. Mara Joha akaona kipini kimoja ndani ya karai kinang'aa. Kilikuwa kipya.

Akisema, gereji ndiyo basi. Akawatazama wale watoto dirishani.

"Mjomba, wasiondoke. Kuna nati sikuitia kipini."

Hapo nikaruka dirishani, nikashika bampa kwa mkono mmoja, Pijo ikazimika yenyewe.

Thobias aliingia chini ya gari, akaiona nati isiyo na kipini, akatoka.

"Nirudi nyumbani, mjomba?"

"Urudi, akifunge nani? Ingia mwenyewe." Kisha akasema taratibu, "Kusahau hata mimi nasahau, na nilipaswa kukagua kazi yako. Ungenyamaza, hapo tungeachana. Kosa lako liseme mapema, watu wakiwa bado salama."

Jana nilimsomea Joha hadithi hii. Siku hizi gereji ni yake. Akafuta mikono.

"Babu, mengine sawa. Ila bampa hukushika. Ulikuwa umesinzia kiti cha nyuma. Watoto walishuka, tukapandisha gari kwa jeki, wewe unakoroma tu."

"Nilifumba macho kwa ajili ya vumbi."

"Niwaite wajukuu wa Mzee Hamidi waseme?"

Basi, ndoo ya pili ya zabibu imefika nusu, na Joha bado hajasema basi.