Maandishi Kwenye Pleti ya Klachi

Kitu cha kwanza nilichokiona ni maandishi madogo yaliyogongwa kwenye chuma. Yalikuwa yananitazama.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, na shule nilikuwa nimeiachia darasa la tano. Kila asubuhi nilifagia gereji ya Baba na Mjomba, kisha nikaosha spana kwa mafuta ya taa. Macho ya Baba yalikuwa yameanza kuingia ukungu, kwa hiyo nilimshikia tochi na kumtazamia vitu vidogo. "Huyu ndiye miwani yangu," aliwaambia wateja, nami niliinamisha kichwa kwa haya.

Siku hiyo tulikuwa chini ya gari jekundu la spoti, la milango miwili, lililomzidi Mjomba umri. Mwenye gari alikuwa nesi mstaafu. Lilikuwa gari la marehemu mumewe, na alikataa fundi mwingine yeyote asiliguse ila Baba.

"Shemeji," Mjomba alimwambia Baba, "ukilikosea hili, watu watasema kweli huoni."

"Waache waseme. Mikono yangu inaona."

Tulikuwa tumeshusha giaboksi ili kubadilisha pleti ya klachi, ile sahani inayounganisha injini na gia. Pleti ya zamani ilipotoka, niliona kwamba maandishi yake yalikuwa upande wa ndani, yameelekea injini. Baba alipoweka mpya, maandishi yalitutazama sisi.

"Baba..."

"Unasemaje, mama?"

Maandishi yalikuwa ya Kiingereza. Ningejitia kujua, ningeambiwa niyasome, na Mjomba alikuwa pale pale. Alikuwa na mazoea ya kuniita Profesa wa Darasa la Tano, na wote walikuwa wakicheka.

"Hakuna kitu," nikasema.

Baba akaifunika pleti, akakaza bolti, akarudisha giaboksi. Mjomba aliwasha gari, akakanyaga pedali na kuingiza gia. Gia ikapiga kelele ya chuma kusaga chuma, hata nesi akaziba masikio.

"Ni kurekebisha tu," Baba alisema. Akalegeza nati ya waya wa klachi, akaikaza, akapima mchezo wa pedali, yaani kulegea kwake, kwa vidole viwili. Gia ikalia. Akaanza upya. Siku mbili nzima alishinda chini ya gari lile, nami nimeshika tochi, nimefunga mdomo. Jioni ya siku ya pili aliweka spana chini polepole.

"Mikono imechoka," alisema. "Malizia wewe, shemeji."

Kesho yake Mjomba alishusha giaboksi tena. Hakukawia.

"Pleti imegeuzwa! Si imeandikwa hapa, upande huu uelekee injini?" Akatugeukia sote. "Maandishi haya si pambo. Usipoyaelewa, uliza. Kuuliza ni dakika moja. Kunyamaza kumekula siku zetu tatu."

"Sikuyaona," Baba alisema mbele ya nesi, kwa sauti ndogo.

Mjomba aliigeuza pleti, akarudisha kila kitu, akarekebisha waya. Gia ikaingia kimya kabisa. Nesi alilia kwa furaha, akaondoka na gari lake. Baba alimpungia mkono, lakini alikuwa ameelekea upande ambao gari halikuwepo.

Asubuhi iliyofuata hakuvaa ovaroli yake. Ilibaki kwenye msumari.

Siku moja nilikuwa nikimkata kucha barazani. Grisi ilikuwa bado imejificha pembeni mwa kidole gumba.

"Kilichoniuma si gari," aliniambia. "Ni kwamba mikono yangu ilinidanganya. Wewe sikulaumu, mama. Ungeona, ungeniambia."

"Ndiyo, Baba," nikajibu, nikaendelea kukata.

Hakushika spana tena. Alifariki baada ya miaka miwili, akiamini hivyo.

Sasa klachi nafunga mimi. Kabla ya kuifunika pleti nasoma maandishi kwa sauti, herufi moja moja, na nisipoelewa nauliza hata mtoto wa shule anayepita. Wakitaka kucheka, wacheke. Nawaambia ninyi mnaosoma hadithi hii: kicheko cha watu huisha kabla hawajafika mlangoni. Mkiona kosa, semeni siku ile ile, angali yupo wa kumwambia.

Ovaroli ya Baba bado iko kwenye msumari. Kila Jumamosi naifua na kuirudisha, na kila Jumamosi maneno hunifikia mdomoni, kisha hurudi. Leo gereji ni tupu. Nimeishika mkono wake wa kushoto, nimesema kwa sauti:

"Baba, macho yako hayakukosa, wala mikono yako. Mimi niliyaona maandishi, nikanyamaza."