Kilima cha Bernadeta, Shimo la Gozbert

Sokoni Temeke, wanawake wakigombea dagaa kwa viwiko, upepo ulimpokonya Gozbert picha iliyopigwa kutoka kwenye ndege, ukaibandika kifuani pa msichana mwenye gauni la maua mekundu. Wapo wanaoapa hadi leo kwamba upepo ule ulitumwa.

"Kaka, ngozi ya mnyama gani hii?"

"Si ngozi, dada. Ni Chanika, ndege ikiwa juu. Kule ofisi ya ramani natazama vivuli vimelala wapi, najua huku pameinuka, huku pamedidimia, nachora. Sikanyagi hata kichuguu."

"Muongo wa Bukoba wewe!"

"Umejuaje ni Bukoba?"

"Viatu vinang'aa kuliko uso."

Kabla mvua za vuli hazijakatika, Bernadeta alikuwa Deta, na Gozbert hakuwa tena kaka.

Kwao Deta, Masasi, mwanamume akioa huhamia kwa watu wa mke. Mjomba wake Kasiani, mchonga vinyago aliyehamia Chanika, akawatengea kilima jirani naye wajenge. Kwao Gozbert kibanja, ardhi ya kujenga na kulima, mtu hupewa na baba yake, basi zawadi ile ilimwasha mwilini kama upupu. Akaona aikague kwanza pichani.

Wakaketi hotelini, meza katikati yao. Kwa adabu ya mapenzi akamgeuzia Deta picha, yeye akaisoma kutoka ng'ambo.

"Ni hapa, njia inapogawanyika," Deta alionyesha.

Gozbert akakunja uso. "Deta wangu, hili shimo. Mvua ikinyesha tutalala na kambale."

"Shimo? Mbona limevimba kama andazi!"

"Mpenzi, hii ndiyo kazi yangu."

"Na yule ndiye mjomba wangu! Sema hutaki kuishi kwetu, usimzulie shimo."

Deta akanyakua picha, akaondoka. Chai yake ikapoa peke yake.

Gozbert alikonda hata kivuli chake kikawa kinamtangulia kufika kazini. Ndipo simu ya ofisi ikalia.

"Njoo pale hotelini uchukue shimo lako," ilisema sauti ya Deta kutoka duka la Mhindi. "Na jibu uje nalo. Naolewa kilimani, au siolewi."

Alifika anahema. Hoteli ilijaa, nafasi ilikuwa moja tu, kwenye benchi la Deta. Akajibana ubavuni pake, penye harufu ya mafuta ya nazi, akatupa jicho kwenye picha mezani. Chanika ikavimba.

"Yesu na Maria!"

Akazunguka meza, akachungulia juu ya vichwa vya wateja: shimo. Akarudi: kilima. Akazunguka tena.

"Bwana, unatafuta choo?" aliuliza mteja mmoja.

"Kivuli!" Gozbert alimshika Deta mkono. "Jicho hudhani mwanga unatoka juu. Nilikugeuzia picha, mie nikaiona kichwa chini. Jua likawa linamulika kutoka chini, kila kilima kikazama. Mwenzangu, hukukosea. Mjomba nitamwangukia miguuni."

"Mjomba atakusamehe. Mie niambie: utazunguka meza mpaka lini?"

Gozbert aliitazama ng'ambo alikokaa siku ile. Kisha akaketi, akasogea hadi bega likagusa bega.

"Nimehamia huku," alisema. "Kamwambie mjomba aanze kuchonga mlango."

Deta akamsogezea kikombe chake, kingali na moto.