Sakafu Isiyokunywa Maji

Kila asubuhi, kabla ya chai, Mama Povu aliteka ndoo kumi na mbili. Alikuwa dobi. Jina la Povu alipewa na watoto wa mtaani, naye hakulikataa, maana kweli mikono yake ilishinda kwenye povu kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi. Mashuka ya nyumba ya wageni, makoti meupe ya zahanati, sare za shule: vyote vilipita kwake, na vyote vilitoka vikinukia jua.

Kisima kilikuwa uani, karibu na karo la kufulia. Walipohamia hapo, yeye na mumewe, kamba ya pima sita, kila pima upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, ilitosha kufika majini. Sasa kamba ilikuwa imeungwa mara tatu. Ilikuwa pima tisa, na bado ndoo ilipanda nusu, tena ikiwa na mchanga. Mchanga na mashuka meupe havipatani.

Kisima kilisumbua, lakini ua wenyewe ulipendeza. Ulikuwa saruji tupu, kutoka ukutani hadi langoni, laini kama kiganja. Mumewe ndiye aliyeumwaga. Alikuwa fundi, na watu walimwita Fundi Sakafu. Kabla yake, mtaa huo wakati wa mvua ulikuwa tope la kuvua kiatu. Akaanza na ua wake, jirani akaona, akataka na yeye. Mpaka anafariki, miaka miwili iliyopita, Fundi Sakafu alikuwa amemwaga nyua kumi na moja za mtaa ule. Ua wa nyumbani kwake alikuwa ameurudia upya mwaka wake wa mwisho, akiwa tayari anakohoa. Mama Povu aliufagia mara tatu kwa siku, hata pale ambapo hapakuwa na uchafu.

Jumatano moja alikuwa akianika mashuka. Kinyozi, jirani yake, akachungulia juu ya ukuta.

"Jirani, nasikia mchimba visima anakuja kesho."

"Anakuja. Kisima kimechoka. Nataka akiongeze pima mbili."

"Mwaka jana ulichimba, changu kikakaribia kukauka. Ukichimba tena, mimi nitanyoa watu kwa mate?"

"Akili ni nywele, Kinyozi. Chimba na wewe."

"Zangu nimeshazinyoa zote," akasema, akijipapasa kipara. Wakacheka, lakini kila mmoja alikuwa na lake moyoni.

Kabla kicheko hakijakwisha, mtu akabisha hodi langoni. Alikuwa msichana wa idara ya maji ya mji, amevaa mabuti, amebeba utepe mrefu wa kupimia. Mwisho wa utepe ulikuwa na kitu kizito kilicholia "piii!" kikigusa maji. Watoto walimwita Bibi Utepe. Alipita kila mwezi kupima visima vya mitaa yote.

"Karibu, mwanangu. Pima, lakini usinipe habari mbaya. Nina mashuka arobaini."

Bibi Utepe akateremsha utepe. Akangoja. Piii! Akaandika kwenye daftari.

"Mita kumi na tano na nusu. Mwezi uliopita ilikuwa kumi na tano."

"Kimechoka. Kesho kinaamshwa."

"Mama, kisima hiki hakijachoka. Kina kiu."

Mama Povu akatoa kicheko. "Kisima kina kiu! Na samaki naye anaogopa kulowa?"

Bibi Utepe akacheka pia. Kisha akachukua taulo bichi kutoka kwenye beseni.

"Mama, wewe ndiye mwalimu wa kazi hii. Ukikamua taulo, maji yanatoka?"

"Yanatoka."

"Ukiendelea kulikamua bila kulilowesha?"

"Litakauka."

"Na ukilikamua kwa nguvu zaidi?"

"Litachanika, na mwenye taulo atanitukana."

"Basi, ardhi ya chini yetu ni taulo. Si kwamba kuna mto au ziwa humo. Ni mchanga na mawe, na maji yamejificha katikati ya punje. Kisima ni mahali pa kukamulia. Kukichimba zaidi ni kukamua kwa nguvu zaidi. Tena taulo si lako peke yako. Kinyozi amelishika, nyumba ya wageni imelishika, mji mzima umelishika. Ukivuta upande wako, upande wa mwenzio unakauka."

"Nilisema mimi!" sauti ya Kinyozi ikatoka nyuma ya ukuta.

"Wewe nyoa!" Mama Povu akamjibu. Akamgeukia Bibi Utepe. "Lakini mvua si inanyesha? Mwaka huu barabara ile iligeuka mto."

"Inanyesha sana. Ila haikai. Inapiga mabati, inapiga lami, inakimbilia mtaroni, inakwenda zake. Zamani ilikuwa inanywewa hapahapa. Sasa mtaa huu una nyua kumi na moja, zote saruji. Ardhi imefungwa mdomo."

Mama Povu akasimama wima. Tabasamu likamtoka usoni.

"Unamsema marehemu."

"Hapana, mama, mimi..."

"Nyua kumi na moja ni za mume wangu! Alizimwaga kwa jasho lake. Njoo nikuoneshe. Tafuta ufa. Tafuta hata tundu la sisimizi!"

Akanyakua ndoo ya maji, maji yenyewe ya tabu, akayamwaga katikati ya ua. Alitaka msichana aone sakafu ya fundi wa kweli ilivyo.

Maji yakatanda, yakang'aa. Hayakutuama popote. Yakafuata mteremko ambao Fundi Sakafu aliupima kwa jicho lake, yakapita chini ya lango, yakaanguka mtaroni. Haikupita hata dakika. Ua ukabaki safi, umelowa juu juu tu.

"Halikunywewa hata tone," Kinyozi akasema polepole. Safari hii hakuwa akitania.

Mama Povu alibaki ameshika ndoo tupu. Alikuwa ameshinda ubishi wake, na amejishinda mwenyewe.

"Nisamehe, mama," Bibi Utepe akasema. "Nimeanza vibaya. Fundi hakukosea. Aliambiwa azuie tope, akalizuia. Sakafu mbovu ingepitisha maji. Hii haipitishi kwa sababu aliijua kazi. Wa kuuliza maji yataenda wapi baada ya hapo tulikuwa sisi wa mji, na hatukuuliza."

Mama Povu akaketi kwenye kigoda chake. "Haya. Unataka nini?"

Bibi Utepe akachora kwa kidole kilicholowa. Mji unakua, alisema. Baada ya miaka thelathini watu watakuwa mara mbili. Bwawa la sasa halitawatosha, na kiangazi jua hulinywa kabla ya watu. Kwa hiyo mji umepanga kuweka maji mahali ambapo jua halifiki: chini ya ardhi. Juu ya mji kuna uwanda wa mchanga. Huko wanachimba mabwawa mapana yasiyosakafiwa. Mto ukifurika, maji yatatulizwa kwanza, taka zitue, kisha yaingizwe humo yazame taratibu. Na huku mitaani, kila nyumba itoe sehemu yake: shimo la kunyweshea ardhi, linalopokea maji ya paa.

"Unavunja sakafu kiasi gani?"

"Pale chini ya upenu tu. Pima moja kwa pima moja."

Mama Povu akatazama mahali penyewe. Ndipo mumewe alipokuwa akiketi kunoa mwiko wake.

"Na maji yangu ya kusuuzia? Namwaga ndoo nyingi kila siku. Niyatie humohumo, shimo lishibe?"

"Hapana, mama! Sabuni itafika kisimani, na kisimani kwa Kinyozi. Ya karo yaende mfereji wa maji machafu kama sasa. Maji ya barabarani pia hapana, yana mafuta ya magari. Shimo ni la maji ya paa peke yake. Na hata maji ya mvua ya kwanza tunayaachia yapite, maana ndiyo yanayosafisha vumbi na kinyesi cha ndege."

"Nitafikiri," akasema Mama Povu. Ni neno ambalo mtu huligeuza vyovyote.

Kesho yake mchimba visima alipofika na kamba zake, Mama Povu alimwomba arudi Jumatatu. Jioni, Kinyozi akaja mwenyewe, safari hii kwa lango.

"Bibi Utepe amepita nyumba zote kumi na moja," alisema. "Wengi wamemwelewa. Lakini tumesema neno moja, jirani. Hatutaigusa kazi ya marehemu mbele yako. Ukisema sakafu zibaki, zitabaki."

"Na visima?"

Kinyozi akatazama vidole vyake vya miguu. "Visima ndiyo hivyo tena."

Hapo Mama Povu akaelewa kuwa si ua wake tu. Ni mtaa mzima uliokuwa ukingoja mdomo wake. Akivunja, anavunja alichoachiwa. Asipovunja, watoto wa nyumba kumi na moja watabeba madumu, na yeye atakuwa dobi asiye na maji.

Jambo moja lilimtia hofu kuliko yote: wifi yake, dada wa marehemu. Alikuja kila Jumamosi, na ulimi wake haukuwa na breki. Jumamosi ilipofika, Mama Povu alimweleza yote bila kupumzika, ili akikatizwa akatizwe mwishoni.

Wifi akavua viatu. Akatembea uani, akisugua sakafu kwa unyayo.

"Kaka yangu alikuwa fundi kweli," akasema.

"Kweli, wifi."

"Unajua sakafu ya jikoni kwa mama yetu aliivunja mara ngapi?"

"Aliivunja?"

"Mara tatu! Mama analia, yeye anagonga nyundo. Maji yalikuwa yanatuama karibu na meko. Mama akamwambia, 'Acha, mwanangu, imependeza.' Akamjibu, 'Mama, sakafu ni ya watu, watu si wa sakafu.' Wewe unaogopa kuvunja kazi ya mtu aliyevunja kuliko wote?"

Mama Povu akaanza kucheka, na machozi yakatoka pamoja na kicheko, hakujua yapi ni ya nini. Wifi akamwacha alie. Kisha akamsukuma kwa kiwiko.

"Nyundo yake iko wapi? Au umeiuza ukanunua marashi?"

Nyundo ilikuwa chini ya kitanda, imefungwa kitambaani. Mama Povu akaenda chini ya upenu, akainua, akapiga. Sakafu haikuvunjika. Akapiga tena. Bado.

"Sakafu ya kaka yangu hiyo!" wifi akapiga kelele kwa fahari. "Ongeza nguvu, mke wa fundi!"

Ilipasuka kwa pigo la saba.

Jumatatu mchimba visima akashuka shimoni akinung'unika kwamba yeye amezoea kuchimba ili kutoa, si kuchimba ili kutia. Bibi Utepe alikuwepo na utepe wake. Alihakikisha shimo liko mbali na choo, na kwamba kina chake kinaishia juu sana ya maji ya ardhini, ili udongo nao upate nafasi ya kuchuja. Wakajaza mawe makubwa chini, kokoto juu yake, kisha mchanga mkavu wa chenga. Mfereji wa bati ukaleta maji kutoka paani. Bomba likawekwa kizibo cha kuachia mvua ya kwanza, na shimo likapata mfuniko, mbu na watoto wasiingie.

Wiki ile Mama Povu alizunguka mtaani na nyundo. Kila ua uliokubali, yeye alipiga pigo la kwanza. Nyua nane zilivunjwa. Tatu zilisema zitangoja zione.

Mvua za kwanza maji ya kisima yalipanda nusu mita tu. Wale watatu wakacheka, kama kuni zilizo juu ya uchaga zinavyozicheka zilizo motoni. Bibi Utepe hakushtuka. "Shimo moja halijazi kisima," alisema. "Hata mashimo manane hayatoshi. Taulo lilikamuliwa miaka mingi. Subirini mabwawa ya mchanga yafunguliwe. Na msiongeze vina vya visima."

Mwaka uliofuata mabwawa yakafunguliwa. Baada ya mvua mbili nyingine, utepe ulilia kwenye mita kumi na mbili. Maji yalitoka bila mchanga. Ya kunywa waliendelea kuyachemsha, kama Bibi Utepe alivyowaagiza. Kwa Kinyozi nako maji yakarudi, na wale watatu wakaja kuulizia nyundo.

Alasiri moja Mama Povu alikuwa ameanika kamba zote nne, mashuka mtindo mmoja. Wingu likaja bila kupiga hodi. Tone la kwanza likagonga bati, la pili, kisha mbingu yote ikashuka.

"Wifi! Nguo!" wifi yake akapiga kelele, akikimbia huku na huko, mashuka mawili begani, moja kichwani. "Wewe dobi gani? Nguo zinalowa!"

Mama Povu hakuondoka chini ya upenu. Aliachia maji ya kwanza yapite. Akafunga kizibo. Akainama, akatega sikio kwenye mfuniko. Chini mle, katikati ya mawe, ardhi ilikuwa ikinywa kwa mikupuo mirefu, kama mtu aliyetoka safari.

"Zitakauka kesho," akasema. "Njoo usikie."