Mbili kwa Kumi

"Hongera kwa kupona, dada. Kwa rekodi hizi, leo nakuaga. Huna haja ya kunipigia tena."

Fundi wa kushona aliitazama sura ya daktari kwenye simu iliyoegemezwa kwenye mkebe wa nyuzi, akadhani mtandao umekula maneno. Alikuwa amelala ubavu. Asubuhi hiyo kuvaa gauni tu kulimchukua nusu saa, na cherehani yake ilikuwa na miezi minane chini ya shuka. Sasa aliyepona ni nani?

"Rekodi gani, daktari?"

"Za kila jioni. Maumivu mbili kwa kumi, wiki sita mfululizo. Ndiyo maana nilikupunguzia dawa."

Hospitali ilikuwa mbali, na saa mbili za kukaa kwenye benchi zilikuwa zikimlaza siku tatu, ndipo wakahamia kwa daktari wa kwenye simu. Mwanga wa kioo cha simu ulimchoma macho, kwa hiyo namba alizitaja yeye, mumewe akaziandika humo kwenye simu. Nane, alikuwa akisema. Juzi alisema tisa.

Mumewe alikuwa kinyozi, mtu wa kupitisha wembe kwenye shingo za watu bila mkono kutikisika. Sasa alisimama mlangoni na chai, na kikombe kilikuwa kinacheza kwenye kisahani.

"Daktari, naomba usikate," Fundi alisema. Kisha, bila kugeuka: "Mume wangu, jana nilikwambia ngapi?"

"Nane."

"Ukaandika ngapi?"

Kinyozi akaweka kikombe chini kwanza.

"Mbili."

Fundi alitaka kupiga kelele akashindwa. Hata hasira inataka nguvu. Akauliza tu kwa nini.

Maneno yakamtoka mwanamume vipande vipande. Mama yake alikuwa amempa miezi miwili: mke akiwa bado kitandani, arudishwe kwao, yeye atafute mke mwingine mzima. Kinyozi hakuwa na ubavu wa kumbishia mama, wala moyo wa kumwacha mke. Basi kila jioni aliandika mbili, akaupiga picha ukurasa, akamtumia mama aone dawa inafanya kazi.

"Nilikuwa nakulinda," akamaliza.

Hapo ndipo Fundi alipouelewa ujumbe wa Jumapili kutoka kwa mama mkwe: "Maumivu ya mbili hayamlazi mtu. Sema tu kazi huitaki." Aliulilia mchana kutwa, na huyu huyu ndiye aliyemfuta machozi.

"Umenilinda kwa kunifanya mvivu kwa mama yako na mzima kwa daktari wangu," akasema. "Ugonjwa wenyewe ukaniachia niubebe peke yangu."

Daktari alikohoa kidogo. Akasema faili halifungwi, na dawa inarudi ilivyokuwa. Kisha akauliza taratibu, "Leo ni ngapi, dada?"

"Tisa. Ila safari hii asikie mama mkwe pia."

Kinyozi akatoa simu yake, akapiga, akaweka sauti kubwa.

"Mama, zile namba nilidanganya mimi. Leo ni tisa. Haijawahi kuwa mbili hata siku moja. Na mke wangu harudi kwao. Ukimfungia mizigo yeye, funga na yangu."

Daktari naye akasogeza uso karibu na kioo.

"Tisa," mama mkwe akasema. "Nilipokuzaa wewe ilikuwa tisa, na ilikuwa siku moja tu." Akavuta pumzi. "Nipe mkeo, naye ni mwanangu, niongee naye."

Fundi akatikisa kichwa. "Mwambie nitaongea naye maumivu yakishuka hadi saba."

Simu ya mama ilipokatika, mume akabaki amesimama. "Na mimi?"

"Wewe utaniuliza kila jioni, na utasikia. Kuandika nitaandika mimi."

Akaivuta simu yake, akafumba jicho moja kwa ule mwanga, akaandika tisa.