Nyundo na Obus

Marlène alikuwa anasonga bukari uani kwake, mtaa wa Kasulo. Mtoto wake, Jémima, alicheza karibu naye. Mara mume wake, Mpoyi, akatoka katika shimo lao la kuchimba madini na chuma kizito chenye ncha. Kiunoni chuma kilivaa pete nyekundu.

"Shaba hii!" Mpoyi akacheka. "Mi nilizaliwa mu shaba, haiwezi kunidanganya. Tunaitoa, tunauzisha. Lete nyundo!"

Mchimbaji akiona shaba, basi, hasikii tena la mtu. Marlène akaleta nyundo. Mpoyi akapiga. Ngaa! Pete haikutoka.

Jirani yao, mama Angèle, akachungulia. Yeye hujitolea Msalaba Mwekundu, na huko alifundishwa habari za silaha zilizobaki baada ya vita. Loo, alipiga kelele!

"Papa Jémima, wacha! Usipige tena! Usikisogeze! Mama Jémima, beba mutoto, tutoke bote!"

Wakakimbia mpaka barabarani. Mpoyi alikuwa amenuna.

"Mama Angèle, ile ni chuma ya zamani tu."

"Ile ni obus. Ni risasi kubwa ya mzinga. Ndani imejaa baruti. Ikianguka, inalipuka."

"Lakini haikulipuka. Si imekufa?"

"Uliona mikwaruzo ku pete?"

"Eeh, imezunguka yote."

"Ni mzinga ulikwaruza, wakati obus ilipita ndani yake. Maana yake ilirushwa, ikaanguka, ikakatala kulipuka. Hata ikae mu udongo miaka mingi, haikufa. Nyundo inaweza kuiamusha."

Marlène akazidi kurudi nyuma na mtoto. Nyundo aliileta yeye, kwa mkono wake.

Mama Angèle akawapigia simu wategua mabomu. Majirani wakahamishwa, njia ikafungwa kwa kamba. Wataalamu wakaichukua obus taratibu, wakaenda kuilipua porini. Mlio ukafika mpaka Kasulo, mabati yakatetemeka.

Mpoyi akakaa chini mavumbini. Akamvuta Jémima kifuani, akalia bila kuona haya.

"Papa, unanibana," mtoto akalalamika. Mpoyi hakumwachia.

Siku hizi wachimbaji wakikuta chuma wasichokijua, humwita Mpoyi. Yeye hata hakikaribii.

"Musiguse," anawaambia. "Mutoke. Muweke alama kwa mbali, muite wenye kujua."

"Na kama iko na shaba?" mmoja aliyekuja kumwita nyumbani akauliza juzi.

Marlène akajibu kutoka jikoni, mwiko mkononi:

"Hata kama iko na dhahabu! Mukuje mule bukari, mungali bazima."