Aliyeihamisha Pikapu

Bosi Saruji alikuwa amelala kifudifudi mlangoni pa duka lake la vifaa vya ujenzi, kisogo kimepasuka. Nondo iliyomuua ilikuwa imetupwa kando yake, damu na nywele zimeigandia. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjika. Aliuinua kujikinga, haukumsaidia.

Inspekta alichuchumaa, magoti yakamlia. Alikuwa mama mnene wa sauti ya chini, na watu waliomdharau kwa sauti hiyo walijuta baadaye.

"Kapigwa hata baada ya kufa," alisema.

Pochi ilikuwa mfukoni, saa mkononi. Duka lilikuwa limefunguliwa nusu mlango, na ndani hakikuguswa kitu. Damu ilikuwa bado haijakauka vizuri. Marehemu alikuja alfajiri kufungua, akauawa palepale.

Aliyeuona mwili ni mhudumu wa maegesho wa halmashauri, binti mwenye kizibao cha njano.

"Ulimjua?"

"Nani asiyemjua, mama? Alinizaba kibao hapahapa, watu wanaangalia. Nilimwambia atoe pikapu yake kwenye njia ya waenda kwa miguu."

"Akaitoa?"

"Thubutu! Miaka yote ilikaa hapa, imeziba njia yote. Watoto wa shule, wagonjwa wa zahanati, kina mama na mizigo yao, wote wanashuka barabarani kuizunguka, magari yanawapitia puani." Akajifuta machozi. "Leo ndiyo mara ya kwanza naiona njia iko wazi."

Inspekta aliinua uso. Pikapu nyeupe ilikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye maegesho ya soko, imeingizwa kinyumenyume katikati ya mistari.

"Kaipeleka nani kule?"

"Nilidhani ni yeye mwenyewe. Nikajiuliza, leo Bosi kaamkia upande gani?"

Sajini alikuja mbiombio.

"Afande, hii kesi imekwisha. Ni fundi cherehani wa pale kona. Mwaka jana mke wake alishuka barabarani kuizunguka pikapu hii, basi likamgonga, akafa. Fundi amemshtaki marehemu mahakamani. Na jana jioni walitukanana hapa mpaka wakashikana mashati."

"Yuko wapi?"

"Kibandani kwake. Lakini wapakizi wa duka wametangulia."

Walimkuta fundi chini, amejikunja, mikono kichwani. Wapakizi wanne walikuwa wakimpiga mateke kwa zamu kama wanaokanyaga udongo wa tofali. Cherehani yake ilikuwa barabarani, gurudumu limetengana na meza. Mmoja wao alikuwa ameinua sururu.

Inspekta alichomoa bastola, akapiga risasi moja hewani.

"Ya pili haiendi juu," alisema.

Sururu ikaanguka. Wanaume wakarudi nyuma mmojammoja.

Kituoni, fundi alikaa kwenye kiti, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Alikuwa mtu mfupi, mikono myembamba.

"Ulikuwa wapi alfajiri?" Sajini aliuliza.

"Nyumbani, nimelala."

"Na nani?"

"Nimefiwa na mke. Nilale na nani?"

Sajini alimchapa kofi lililomwangusha na kiti chake. Alikuwa anainua buti Inspekta alipomkamata ukosi na kumbamiza ukutani.

"Ukimgusa tena, utashinda naye selo moja," alisema. Kisha akamwinua fundi. "Unajua kuendesha gari, baba?"

"Gari? Mimi nakanyaga cherehani tu."

Inspekta alirudi sokoni kwenye pikapu, Sajini akimfuata, ukosi umekaa upande.

Mtaalamu wa alama za vidole alikuwa ameshafungua milango. Damu ilikuwa kwenye usukani, kwenye gia na kwenye breki ya mkono.

"Na hapa, afande." Alionyesha kioo cha kuangalia nyuma. Pembeni mwake kulikuwa na alama ya dole gumba, nyekundu na kamili, kila mstari unasomeka.

Inspekta alipenyeza kichwa ndani. Kiti cha dereva kilikuwa kimesukumwa nyuma mpaka mwisho. Bosi Saruji alikuwa mfupi. Watu walimtania kwamba huendesha akiwa amesimama.

"Sajini, fikiri. Mtu katoka kuua. Mikono inachuruzika damu. Anavusha gari barabara moja tu. Lakini anasogeza kiti, anarekebisha kioo, anarudi kinyumenyume katikati ya mistari, anafunga breki. Ni nani huyo?"

"Mwendawazimu."

"Dereva. Aliyezoea kubeba watu. Mrefu." Akatoa kichwa nje ya gari. "Lile basi lililomgonga mke wa fundi, nani alikuwa akiliendesha?"

Sajini alimtazama. Yeye mwenyewe ndiye aliyemchukua alama za vidole dereva huyo mwaka jana, kabla trafiki hawajasema hana kosa na kumwachia.

Walimkuta stendi, akiosha basi. Tangu ajali alikuwa hajashika usukani. Tajiri wake alimwonea huruma, akampa ndoo na brashi. Alikuwa mrefu kiasi kwamba paa la basi alilifuta bila ngazi. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimefungwa kitambaa.

"Umeumia wapi?" Inspekta aliuliza.

"Nondo, mama. Ilikuwa na ncha kali." Akaweka brashi ndani ya ndoo, akanyoosha mikono miwili mbele. Sajini alimvisha pingu.

Dole gumba lilikuwa lake. Mtaalamu alithibitisha kabla chai ya Inspekta haijapoa. Lakini dereva hakusubiri kuonyeshwa.

"Sema ilivyokuwa," Inspekta alimwambia.

"Huwa napita pale kila alfajiri kwenda stendi. Leo mbele yangu kulikuwa na mama mjamzito, anaelekea zahanati. Akafika kwenye pikapu, akashuka barabarani. Lori likaja. Nilisikia breki, nikafumba macho." Akaonyesha kwa viganja. "Lilisimama hivi, mama, karibu na tumbo lake. Akaenda zake analia. Bosi alikuwa anafungua duka. Ameona kila kitu."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwomba. Nilimwambia, mzee wangu, nakusihi, itoe hii gari, maegesho yale pale hayana hata gari moja. Akacheka. Akaniuliza kama mimi ndiye wa kumfundisha sheria za barabarani."

"Ndipo ukampiga?"

"Bado. Nikamwambia, kuna mtu alikufa hapa. Akasema, 'Alikufa kwa sababu wewe ulimkanyaga. Mimi niliegesha tu. Wewe ndiye muuaji, pita.' Akanipa mgongo."

"Nondo zilikuwa zimeegemezwa mlangoni. Pigo la kwanza aligeuka akajikinga, nikasikia mkono unakatika. La pili akaanguka. Nikaendelea. Alikuwa ameshanyamaza, mimi naendelea. Mwaka mzima, mama, nilikuwa najiambia neno lilelile alilonitamkia. Nilitaka linyamaze."

"Na gari?"

"Funguo zilikuwa mkononi mwake. Nikaona watoto wa shule watapita sasa hivi."

"Kioo ulikirekebisha cha nini? Barabara ilikuwa tupu."

Dereva alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Nilikuwa narudi nyuma. Ningemgonga mtu je?"

Inspekta aliandika maelezo yote mwenyewe, akamsomea, dereva akatia sahihi kwa mkono wa kushoto. Kisha akaamuru fundi afunguliwe.

Wakakutana kwenye ukumbi mwembamba wa kituo, mmoja anatoka, mwingine anapelekwa selo. Fundi alisimama. Alilazimika kuinua kichwa ili amwone usoni.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, kaka." Dereva alimwinamia. "Amekwisha. Hatamfanyia mtu tena vile. Nilifikiri angalau nitakuwa nimekulipia."

Fundi alirusha ngumi. Ilimpata dereva mdomoni, damu ikaruka hadi ukutani. Akampiga ya pili, na ya tatu, akilia kwa sauti. Dereva hakusogea. Sajini aliruka kuwaamua, Inspekta akamzuia kwa mkono.

"Jumatatu alikuwa asimame mbele ya hakimu!" fundi alipiga kelele. "Aulizwe gari lake lilikuwa wapi mke wangu akifa! Ajibu kwa mdomo wake, na mimi nimekaa pale namsikia! Mwaka mzima nimeingoja siku hiyo! Sasa atajibu nani? Nani?"

Alichoka, mikono ikaning'inia. Damu ya vidole vyake ilidondokea sakafuni.

"Ile ya kwanza nilikusamehe," alimwambia taratibu. "Nilikuja mpaka kwako, nikala na watoto wako, nikakuambia haikuwa wewe. Hii ya leo, hapana."

Akatoka nje akichechemea.